Spika ya katikati ilipokufa: uzoefu wangu na filamu tano za mapigano

Jumamosi moja mwishoni mwa Mei 2025, mimi, mdogo wangu na shemeji yetu tulitoka mtaa wetu wa Umoja, Nairobi, tukapanda matatu mbili, tukaenda kutazama Mission: Impossible – The Final Reckoning katika mojawapo ya sinema zilizomo ndani ya majumba makubwa ya maduka. Sinema yenyewe sitaitaja, kwa kuwa wahudumu wake walitutendea kwa adabu, na hitilafu iliyotokea inaweza kutokea popote penye mitambo. Matangazo ya filamu zijazo yalipita vizuri. Filamu ilipoanza, muziki ulitujia kutoka kuta za pande zote mbili hadi viti vikatetema, Tom Cruise akafungua kinywa kusema, na hatukusikia neno hata moja.

Kwa kawaida mazungumzo ya filamu hutoka katika spika ya katikati, iliyofichwa nyuma ya skrini, ilhali muziki, milio ya risasi na vishindo hugawanywa kwa spika za pembeni. Ile ya katikati ikifa, mtazamaji hubaki na dunia yenye kelele zote isipokuwa sauti za watu. Hivyo ndivyo tulivyokaa kwa zaidi ya nusu ya filamu. Baadhi ya watu walipiga miluzi, bwana mmoja akatoka kwenda kulalamika, akarudi na jibu kwamba jambo hilo linashughulikiwa. Sisi hatukuondoka, kwa sababu mdogo wangu alikuwa amekwisha kuanza kazi yake.

Huyu mdogo wangu ni mtoto wa vibanda vya video. Alilelewa na sauti ya DJ Afro, msimulizi wa filamu wa Kenya ambaye amewatilia Waswahili wengi wa nchi hii maneno yake mwenyewe juu ya filamu za kigeni, na kwake ukimya wa mwigizaji ni mwaliko. Ethan Hunt, yaani Cruise katika filamu hii, alipoinua ufunguo na kuutazama kwa uzito mkubwa, yeye akasema kwa sauti nzito, “Ndugu zangu, mwenye nyumba amebadilisha kufuli, na kodi sina.” Safu yetu yote ilicheka. Kwa takribani saa nzima filamu iliendelea kwa mtindo huo, yaani nyuso zenye huzuni katika vyumba vya giza zikielezana jambo refu, na maelezo ya mdogo wangu hayakupungukiwa na mantiki kuliko yale tuliyokuwa tukiyaona.

Kisha Hunt akazama baharini kuitafuta nyambizi Sevastopol, na mdogo wangu akanyamaza mwenyewe. Nyambizi hiyo imelala chini ya bahari yenye barafu, nusu imejaa maji, nusu ina hewa, na kila Hunt anaposogea inabiringika polepole, hivi kwamba ukuta unageuka kuwa sakafu na sakafu inageuka kuwa dari. Makombora ya torpedo yanaanza kuporomoka kutoka mahali pake. Mlango aliopitia hauwezi tena kumtoa, na inambidi avue vazi lake la kuzamia ili apenye katika bomba la kurushia torpedo, akiwa hana chochote cha kumkinga na baridi. Katika sehemu hiyo yote maneno ni machache mno, kwa hiyo spika mbovu haikutunyima kitu. Nilitambua kwamba mkono wangu ulikuwa umeshika bisi ambazo sikuwa nimezila, na kwamba ukumbi mzima, ambao dakika chache zilizopita ulikuwa soko, ulikuwa kimya.

Sauti ilirudi karibu na mwisho, wakati wa ndege mbili za zamani, moja nyekundu na nyingine ya njano, zinapofukuzana juu ya mabonde. Sehemu hiyo ilirekodiwa Afrika Kusini, na ni Cruise mwenyewe anayening'inia kwenye bawa. Rangi hizo mbili ni uamuzi mdogo wenye akili nyingi, kwa kuwa hata ndege zikipindukana mara tano hujiulizi aliyeko katika kila ndege ni nani. Tulipokuwa tukitoka, mlangoni tulipewa kila mmoja tikiti ya fidia.

Tikiti yangu niliitumia siku tatu baadaye, peke yangu, katika filamu ileile, na safari hii nikasikia kila kitu. Nasikitika kusema kwamba maneno ya saa ya kwanza hayakunipa nilichodhani nilikikosa. Ni maelezo ya hatari itakayokuja, yakirudiwa na mtu wa pili, kisha yakitiwa nguvu kwa vipande vya filamu zilizotangulia katika mfululizo huu ulioanza mwaka 1996. Mkurugenzi wake, Christopher McQuarrie, anajua kupanga tukio kuliko mtu yeyote anayefanya kazi ya aina hii leo, ndiyo maana inashangaza kwamba alihitaji kutuhutubia muda wote huo. Hata hivyo, kwa ajili ya nyambizi pekee ningelipa tena.

Jambo hilo nilimsimulia Mwalimu, jirani yetu wa mlango wa mbele, mstaafu ambaye ana televisheni kubwa kuliko zote katika ghorofa yetu na kumbukumbu ndefu ya sinema za mjini. Ndiye aliyenikumbusha kwamba mzunguko wa Globe, tunaoupita kila siku tukielekea Ngara, ulirithi jina lake kutoka sinema ambayo haipo tena. Mwalimu alipendekeza tulifanye jambo hilo kuwa jaribio. Kila Jumapili alasiri, mmoja wetu ataleta filamu ya mapigano, tutafika kwenye pambano lake kubwa, tutazima sauti, na baada ya hapo kila mtu ataeleza nani alikuwa wapi, alishika silaha gani, na alitaka kufika wapi. Iwapo majibu yetu yatapishana, filamu imeanguka. Shemeji alisema kwamba huo ni mtihani wa darasa la nne, na Mwalimu akajibu kwamba wengi huanguka huohuo.

Ya kwanza ilikuwa Extraction ya mwaka 2020, aliyoiongoza Sam Hargrave, ambamo Chris Hemsworth ni askari wa kukodiwa anayetumwa kumwokoa mtoto wa bwana wa dawa za kulevya aliyefichwa Dhaka, Bangladesh. Mjadala wote ulihusu ule mfululizo wa takribani dakika 12 unaoonekana kana kwamba haukukatwa mahali popote: gari linafukuzwa, watu wanakimbilia ngazi za jengo la makazi, wanaruka paa, wanashuka barabarani. Kwa kweli ni vipande kadhaa vilivyounganishwa kwa ustadi, lakini Hargrave, ambaye alikuwa mwigizaji wa matukio ya hatari kabla ya kuwa mkurugenzi, alijifunga kwa kamba mbele ya gari akiwa na kamera mkononi. Jibu letu la mtihani lilikuwa moja kwa watu wote wanne. Pingamizi langu liko kwingine. Picha za Dhaka zimepakwa manjano kama ya mtu mgonjwa wa ini, jambo ambalo watengenezaji wa nchi tajiri hupenda kuufanyia kila mji wenye joto, na anayeishi katika mji wenye joto anajua kwamba hewa yake haina rangi hiyo.

John Wick: Chapter 4 ya mwaka 2023 ilitugawanya. Chad Stahelski, aliyeiongoza, ndiye aliyekuwa akiigiza hatari kwa niaba ya Keanu Reeves katika The Matrix, na uhusiano huo unaonekana: kamera inakaa mbali, mwili wote wa mwigizaji unaonekana, ngumi inatoka na inafika ndani ya picha ileile. Kuna sehemu ambayo kamera inapanda juu ya vyumba visivyo na dari, ukaona watu wanaofuatana kutoka chumba hiki hadi kile kama unayetazama kete za bao. Kuhusu jibu la mtihani, hakuna aliyekosea. Mwalimu alikatishwa tamaa tu, akisema kwamba kujua kila mtu yuko wapi hakusaidii iwapo steringi, kama tulivyomwita utotoni, anaweza kupigwa na magari matatu karibu na Arc de Triomphe jijini Paris kisha akasimama na kupangusa suti. Zile ngazi 222 za Montmartre anazozipanda, akaporomoshwa hadi chini, akaanza upya, zilimchekesha shemeji na zikanichosha mimi. Filamu ya dakika 169 inahitaji mtu anayeweza kuumia.

Mtu anayeumia tulimpata Jumapili iliyofuata, nami nitakaa hapo kidogo, kwa sababu ndiyo filamu bora niliyoitazama mwaka huu ingawa ilitoka mwaka 2011. The Raid ilitengenezwa Indonesia na Gareth Evans, ambaye ni mtu wa Wales. Evans alikutana na nyota wake, Iko Uwais, alipokuwa akirekodi filamu ya hali halisi kuhusu silat, mchezo wa kujihami wa huko. Kisa chake ni chepesi kukieleza: kikosi cha polisi kinaingia katika jengo refu la Jakarta linalotawaliwa na mhalifu anayeishi juu kabisa, milango inafungwa, na wapangaji wanaahidiwa makao ya bure wakiwaua. Kila pambano lina umbo la mahali pake. Korido nyembamba inalazimisha maadui waje mmojammoja, na sakafu yenye tundu inageuka kuwa mlango.

Lakini tukio tulilolirudisha nyuma mara tatu halina pambano lolote. Rama, askari wetu, amejificha ndani ya ukuta wa nyumba ya mpangaji mmoja pamoja na mwenzake aliyejeruhiwa. Upande wa pili, wasakaji wana mapanga, na kiongozi wao anaanza kuuchoma ukuta hapa na pale ili kuona kama kuna mtu. Panga linapenya karibu na uso wa Rama na kumkata shavu. Yeye hapigi kelele, wala hajirudishi nyuma, kwa kuwa hana nafasi ya kurudi. Panga linapoanza kuvutwa, anafunika bapa lake kwa kiganja na kulipangusa damu linapopita, taratibu, ili lifike upande wa pili likiwa safi. Sauti ya televisheni ilikuwa imezimwa, na bado Mwalimu, mtu mzima wa miaka zaidi ya sabini, alijishika shavu. Katika picha hiyo moja tumejua adui yuko wapi, anataka nini, chombo chake kina urefu gani, na kwamba askari huyu ana akili inayofanya kazi hata ngozi yake inapochanwa. Sina hakika kwamba hotuba ya saa nzima ingeniambia zaidi.

Onyo kwa wenye watoto: damu ni nyingi, na mapigano ya mwisho ni marefu kupita kiasi.

Zamu yangu ilipofika nilileta Nairobi Half Life, filamu ya David “Tosh” Gitonga ya mwaka 2012, ambayo ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Kenya kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni, na ambayo ilimpatia Joseph Wairimu tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika tamasha la Durban. Nilitaka kuona kama, kwa kipimo chetu, filamu ya nyumbani itaweza kusimama kando ya hizo za mamilioni ya dola. Tulianza na Mwas, mhusika mkuu anayeigizwa na Wairimu, anavyoporwa muda mfupi baada ya kushuka mjini, tukazima sauti, na filamu ikapita bila shida, kwa kuwa kila aliyewahi kubeba mzigo katikati ya Nairobi anajua mtu husimama vipi anapogundua kwamba mzigo umekwenda.

Shida ilikuja tuliporudi mwanzo. Kabla ya kuja Nairobi, Mwas ni mchuuzi wa filamu za mapigano kijijini, na namna yake ya kuuza ni kuziigiza mbele ya wateja, akiruka huku na huku na kusema maneno ya steringi na ya adui. Mwalimu alishikilia kwamba kanuni ni kanuni, kwa hiyo sauti ilibaki imezimwa. Tukawa tunamtazama kijana anayerusha mikono na kufungua kinywa, wateja wakifurahi, nasi tukiwa hatufurahi. Nilijaribu kueleza kwamba hilo si pambano, kwa hiyo halipaswi kupimwa. Mdogo wangu akasema kwamba ndilo pambano kubwa kuliko yote katika filamu hiyo, maana hapo mtu anapigania mkate kwa ulimi. Nilitafuta jibu nikalikosa, na nikakumbuka ule ukumbi wa sinema wenye spika iliyokufa, ambamo yeye alikuwa ameuchekesha umati kwa njia hiyohiyo.

Wakati huo mke wa Mwalimu, ambaye sote humwita Mama na ambaye hakuwahi kukubali kushiriki mtihani wetu, aliingia na birika la chai. Alisimama nyuma ya viti akatazama kwa muda. “Huyu anauza kwa mdomo,” alisema, “nanyi mmemziba mdomo.” Akaweka birika chini, akachukua rimoti iliyokuwa kwenye mkono wa kiti cha mumewe, akarudisha sauti, na Mwalimu hakusema neno. Tuliitazama hadi mwisho, pamoja na yale mazungumzo ya genge ambayo Sheng yake haiwezi kutafsiriwa na picha yoyote. Jumapili ijayo zamu ya kuchagua ni ya Mama, na ameshatangaza kwamba atakayegusa rimoti atakunywa chai ya rangi.