Nililipia 5600G, nikapewa 5600

Huu ni uzoefu wangu na Ryzen 5 5600G, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya AMD. Nianze na kilichoniuma, maana nikianza na sifa hasira itapoa na sitaki ipoe. Nimeuziwa prosesa ambayo siyo niliyolipia, na nilipoirudisha, muuzaji akaniambia mbele ya wateja wengine, "Kaka, mambo ya kompyuta si ya kila mtu." Alikuwa anamenya chungwa. Hata kisu hakukiweka chini. Pale pale sikumjibu, lakini tangu siku ile namjibu kila nikipanda daladala.

Nilichokuwa nataka ni kompyuta ya kuchezea gemu kwa hela ya mtu anayelipa kodi ya nyumba. Sihitaji zile zenye taa za rangi kama bajaji ya usiku. Mimi na mpwa wangu tunacheza GTA V na mpira, basi. Kadi ya grafiki ya maana, ile inayotengeneza picha za gemu, ingekula bajeti yote peke yake, kwa hiyo nilitafuta prosesa inayokuja na grafiki zake humo humo ndani.

Na nilifanya kazi ya kutafuta, msije mkasema niliingia kichwa kichwa. Mashine za ofisini zilizotumika huko Ulaya, zile Dell na HP nyembamba, nilizipita. Zinauzwa kwa mbwembwe, "hii Core i7 hii," kana kwamba prosesa zote za Intel zinazoitwa i7 ni mapacha. Uliza kizazi uone muuzaji anavyogeuza mada. Mara nyingi utakuta ni i7-3770 ya 2012. Enzi zake ilikuwa mbabe, lakini leo i3-12100F ya 2022 inaiacha mbali, na Windows 11 rasmi haiitaki, maana upande wa Intel Microsoft wanaanzia kizazi cha nane. Halafu pawasaplai (visanduku vya kugawa umeme) za mashine hizo nyingi hazina waya wa kulisha kadi kubwa, kwa hiyo hata ukipata hela baadaye umekwama.

Hiyo i3-12100F yenyewe ilinitamanisha kweli. Ila F ya mwisho maana yake haina grafiki ndani, bila kadi haikupi picha hata ya kuwekea Windows. Nikabaki na Ryzen 5 5600G. Grafiki za Vega zimo, mazabodi yake (bodi kuu) ni ya AM4, aina ya tundu la prosesa, RAM yake ni DDR4, vitu ambavyo wakati ule Kariakoo vilikuwa vimejaa na havijapaa bei kama vya AM5, tundu jipya zaidi. Kuna na 8600G, ya AM5, ambayo grafiki zake ni kali kuliko hizi, lakini ukijumlisha mazabodi na RAM za DDR5 utajikuta umerudi kwenye bei ya kadi.

Basi nikaenda dukani, ghorofa ya kwanza, mtaa sitautaja. Nikasema "5600G", nikarudia, "G ya Gongo la Mboto". Muuzaji akacheka, akaandika kwenye risiti ya mkono: Ryzen 5 5600G. Risiti ninayo mpaka leo. G yake ina mkia mrefu umeshuka mpaka mstari wa chini. Hakuna mtu anayeweza kuisoma ikawa kitu kingine.

Prosesa ikaja bila boksi, imelala kwenye kiplastiki. Nikauliza boksi liko wapi. "Maboksi yanajaza kontena, kaka." Sawa, prosesa za hivyo zipo, zinatoka kiwandani kwa ajili ya kampuni zinazounda kompyuta. Lakini 5600G ya boksi ina feni yake ndani, na AMD wanaipa dhamana ya miaka 3. Ya kiplastiki haina feni, na dhamana yake ni mdomo wa aliyekuuzia. Feni nikaongezewa kwenye bili. Bei ya prosesa haikupungua hata shilingi.

Wakaifunga mbele yangu. Wakaiweka kwenye meza yao ya majaribio, wakawasha, Windows ikaja, tukashangilia kama goli la dakika za majeruhi. Sasa sikilizeni. Pale mezani kuna kadi ya grafiki ya duka, nzee, imejaa vumbi, wanayoichomeka kwenye kila mashine wanayoijaribu. Picha yote tuliyoiona ilikuwa inatoka kwenye kadi hiyo. Walipomaliza wakaichomoa, wakafunga keisi, wakanipa mzigo wangu na "karibu tena".

Nyumbani nikachomeka HDMI nyuma ya mazabodi. Feni zinazunguka, kitaa cha mazabodi kinawaka, monita inaandika hakuna mawimbi. Nikabadili waya. Nikahamisha RAM. Nikachomoa betri ndogo ya mazabodi nikairudisha. Mpwa wangu amekaa na pedi mkononi, "Anko, imekufa?" Haikufa. Tundu la HDMI kwenye mazabodi lipo hata kama prosesa uliyoweka haina grafiki, tena halikwambii chochote, linakuacha uhangaike na waya usiku kucha.

Nikarudi. Hapo ndipo chungwa linapoingia. Maneno ya kwanza, kabla hajainuka: "Umeiunguza. Umeme wenu huko kwenu unakatika katika." Hakuifungua. Hakuiwasha. Nikasema naomba muiangalie. Akanionyesha kwa kidole karatasi ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikamwambia Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na karatasi ya ukutani haiifuti. Ndipo likaja lile la si ya kila mtu, na mama mmoja aliyekuwa ananunua wino wa printa akanitazama kwa huruma. Ile huruma ndiyo iliyonimaliza.

Halafu, eti kunisaidia, akaniambia, "Chukua kadi tu, tatizo limekwisha." Kadi gani? GT 710! Yaani nimelipia prosesa yenye Vega ndani, naambiwa niongeze hela ninunue kadi ambayo hiyo Vega inaishinda bila kutoka jasho. GT 710 ni ya kufungulia barua pepe. Ukiona duka linaiuza kama kadi ya gemu, aga kistaarabu, ondoka.

Aliyeniokoa ni fundi wao, kijana mmoja mkimya wa pale nyuma. Alichukua mashine bila kuomba ruhusa ya mtu, akafungua keisi, akang'oa feni. Akafuta pesti, ile krimu ya kupitisha joto kwenda kwenye feni, kwa tishu polepole, duara ndogo ndogo, mpaka bati la prosesa likang'aa na maandishi yakatoka. AMD. Ryzen 5. 5600. Baada ya sifuri ya mwisho, bati tupu. Nikaweka risiti pembeni yake, ile G na mkia wake. Fundi akakohoa.

Muuzaji akaja, akatazama, akasema, "Si zote Ryzen 5? Tena hii ndiyo kali kuliko uliyoitaka."

Na hapa ndipo ninapotaka kupasuka, ndugu zangu, kwa sababu ni kweli. Ukiwa na kadi ya grafiki, 5600 isiyo na G inaishinda 5600G kwenye gemu. Kashe yake ya L3, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, ni MB 32, ya G ni 16. Inazungumza na kadi kwa njia ya PCIe 4.0, G imebaki na 3.0 ya zamani. Huyu bwana alinipa prosesa bora bila kukusudia, akanitukana kwa kuirudisha, kisha akajitetea kwa hoja ambayo siwezi kuipinga. Lakini mimi sina kadi! Ukiagiza jiko la mkaa ukaletewa la gesi bila mtungi, utapika nini?

Tumebishana hapo mpaka mwenye duka akapanda ngazi, mama mtu mzima, kashika mkoba na kikapu cha mboga. Akasoma risiti, akatazama prosesa, akamwambia kijana wake neno moja: "Mpe." Kwangu akasema, "Samahani sana, baba, kaa hapo upate maji." Nikapewa 5600G, safari hii ndani ya boksi lililofungwa na feni yake. Kumbe maboksi yapo! Kontena limepata nafasi! Feni niliyouziwa mwanzo nikarudishiwa hela yake. Muuzaji hakuomba radhi. Alikuwa ameanza chungwa la pili.

Basi tuje kwenye prosesa yenyewe, maana nimesema ni uzoefu wangu nayo na mpaka sasa nimeongelea machungwa. Usiku wa kwanza nikataka kuirusha dirishani. GTA V ilikuwa inakatika, gari linakwenda linaruka, kila ukigeuza kona mji unachelewa kufika. Nikaanza kuamini labda mambo haya kweli si ya kila mtu. Nikakumbuka kitu fundi alichoninong'oneza wakati anafunga keisi: "Kaka, wamekuwekea kijiti kimoja cha RAM. Tafuta cha pili kinachofanana nacho." Grafiki za ndani hazina kumbukumbu yake, zinakopa RAM ya kompyuta, na zinaitaka haraka. Kijiti kimoja ni njia moja. Viwili, ukivichomeka kwenye matundu sahihi yaliyoandikwa kwenye kitabu cha mazabodi, ni njia mbili, upana mara mbili. Duka lolote linalouza G na kijiti kimoja cha GB 8 na kukuambia ni kompyuta ya gemu limekufanyia nusu ya kazi. Na GB 8 zenyewe hazitoshi, maana grafiki zinachukua sehemu na Windows nayo inataka yake.

Kijiti cha pili nilinunua duka jingine, ghali kidogo, kwa makusudi kabisa. Nikakichomeka, nikawasha, na hapo sasa! Gemu ile ile, 1080p, mipangilio ya kawaida, inateleza. Mpwa wangu hakusema kitu, alivuta kiti karibu. Mpira nao unachezeka bila picha kuganda mtu anapopiga faulo. Kelele za feni ya boksi unazisikia joto la mchana likipanda, ila usiku na dirisha wazi inatulia. Kwa prosesa peke yake, bila kadi, kwa hela hiyo, sijui ungetaka nini zaidi.

Aa, najua. Ungetaka gemu mpya. Hizo usijidanganye. Gemu kubwa za miaka hii miwili mitatu Vega inazifungua, inazionyesha, halafu inaomba msamaha. Utashusha kila kitu mpaka sura za watu ziwe za udongo. Ndiyo maana kila nikitaka kusema nunueni nasita. Kama kadi huna mpango nayo kabisa, chukua 5600G, vijiti viwili vya RAM, usiulize tena. Kama kadi unaiona mbele, hata ya mtumba, basi G ni hela ya kupoteza: chukua 5600 yenyewe au i3-12100F, vumilia bila picha mpaka kadi ifike. Ninachosema hapa, na kinaniuma kukiandika, ndicho alichosema yule bwana. Tofauti ni kwamba mimi nimekuuliza kwanza kama una kadi.

Ukienda kununua, herufi ziangalie kwenye bati kabla pesti haijapakwa, kwa sababu hazina mpango unaoeleweka. Kwa Ryzen za AM4 kama hizi, isiyo na G haina picha. Kwa Core i3 na i5 ni kinyume, yenye F ndiyo haina. Ukihamia Ryzen za 7000 nyingi zina grafiki kidogo za kuonyeshea picha hata bila G, isipokuwa kama 7500F. Na 5500 ya AMD ni ndugu wa damu wa 5600G, ila grafiki zimezimwa. Usikubali ukaambiwa "ni ile ile". Na wakiijaribu mezani kwao, sema kadi ya duka itolewe kwanza.

Nyota nilikuwa nimeandika nne. Prosesa peke yake inastahili nne, na yule mama mwenye duka na fundi wake wangeweza kuifikisha tano. Lakini nimefika hapa nimelisikia tena lile "si ya kila mtu", na harufu ya chungwa. Tatu. Na fundi, kama unasoma hii, siku ukifungua duka lako nitakuja kununua kadi kwako.