Unataka kupiga roki? Hela ianzie kwenye ampu, sio kwenye gitaa

Watu wengi wakiamua kuingia kwenye roki hesabu yao ni moja, hela yote inaishia kwenye gitaa, kinachobaki ndo kinanunua ampu, lile boksi la kukuza sauti ya gitaa, na ikibaki chenji wanaokota pedali yoyote inayowaka taa, yaani kiboksi cha kukanyaga kinachobadilisha sauti. Mi nilianza hivohivo. Halafu nilipokuja kushika hela kidogo nikakosea upande wa pili, nikanunua ampu ya wati 100 na kabati lake la spika nne, mzigo wa kubebwa na watu wawili, na miaka miwili yote sikuwahi kupitisha voliumu namba 2 maana namba 3 tu majirani walikuwa mlangoni. Kwa hiyo hapa nimepanga kufuatana na kipi kinabadilisha sauti zaidi: ampu, gitaa, pedali. Gitaa la kawaida kwenye ampu nzuri linasikika gitaa, ila gitaa la bei mbaya kwenye ampu ya ovyo linasikika kama nyuki kwenye kopo.

Ampu

Kwanza tuelewane kuhusu wati, hapa ndo watu wanapigwa. Ampu ya wati 100 haipigi kelele mara mbili ya wati 50, inaizidi kwa desibeli 3 tu, na sikio linataka kama desibeli 10 ndo likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili, yaani wati mara kumi. Sasa piga hesabu mwenyewe: wati 100 ni kama mara mbili ya wati 10, basi. Ampu ya tyubu, zile taa za kioo za teknolojia ya zamani zinazokuza sauti, ya wati 15 au 20 inasimama na drams bila shida kwenye chumba cha mazoezi.

Namba moja kwangu kwa mtu anayepigia nyumbani ni Boss Katana 50. Sio ya tyubu, ni ya transista yenye kompyuta ndani inayoiga aina kadhaa za ampu, na najua kuna wazee wa tyubu watanuna hapa, lakini ina swichi ya kushusha nguvu kutoka wati 50 hadi 25 hadi nusu wati, ina spika ya inchi 12, na efekti ziko ndani tayari. Hiyo spika usiidharau. Vile viampu vya mazoezi vyenye spika ya inchi 5 au 6 ndo vinawafanya watu wadhani hawajui kupiga, kumbe besi yote imekufa kwenye kiboksi.

Namba mbili, na hii inakuwa namba moja ukishakuwa na bendi, ni ampu ndogo ya tyubu. Utamu wa tyubu ni kwamba ukiisukuma inaelemewa taratibu, sauti inaanza kukwaruza kidogo kidogo, ukigusa nyuzi kwa upole inasafika, ukizichapa inanguruma, mkono wako ndo unaamua. Marshall DSL20 ina tyubu za EL34 na ndo ule mngurumo wa roki ya Uingereza, na inashuka hadi wati 10. Vox AC15 ina EL84, inang'aa juu, na kaka yake AC30 ndo ampu ya Brian May wa Queen siku zote. Fender Blues Junior nayo ni wati 15 za EL84, safi sana ikiwa tupu na inapenda pedali, ila kwa roki nzito itabidi uisaidie. Kichekesho ni kwamba Jim Marshall alipoanza pale London mwanzoni mwa miaka ya 60, ampu yake ya kwanza, JTM45, ilitokana na sakiti ya Fender Bassman, kwa hiyo wanaogombana Fender au Marshall wanagombania ndugu wa ukoo mmoja. Onyo moja tu: ampu ya tyubu usiiwashe bila spika kuchomekwa, utaunguza transfoma ya kutolea sauti na hapo utalia.

Mwisho wa orodha ni wati 100. Nishasema.

Gitaa

Swali la kwanza sio jina lililoandikwa kwenye kichwa cha gitaa, ni pikapu, zile sumaku chini ya nyuzi zinazodaka mtikisiko wake. Za koili moja zina sauti kali na ya wazi lakini zinadaka mvumo wa umeme, ongeza geini, yaani kiasi cha kukwaruza, utasikia mmmmm hata hujagusa uzi. Hambaka ina koili mbili zilizopangwa kinyume ili mvumo ujifute wenyewe, na sauti yake ni nene. Ile ya Gibson ilibuniwa na Seth Lover katikati ya miaka ya 50 ikaingia kwenye magitaa 1957, na roki nzito imekaa juu yake hadi leo.

Ndo maana namba moja naweka Yamaha Pacifica 112, umbo la kama Stratocaster ya Fender lakini nyuma kwenye brija, pale nyuzi zinapoishia, kuna hambaka na mbele kuna mbili za koili moja. Unapata mngurumo na usafi kwenye gitaa moja, na kwa bei yake limetengenezwa kwa heshima. Halina jina la kuringia, sawa, lakini Slash wa Guns N' Roses mwenyewe mwaka 1987 alirekodi na gitaa ambalo halikuwa la Gibson, lilikuwa nakala ya Les Paul, gitaa maarufu la Gibson, iliyochongwa na fundi Kris Derrig, na Brian May anapiga lile alilotengeneza na baba yake kwa mbao za zamani.

Namba mbili Epiphone Les Paul. Epiphone iko chini ya Gibson toka 1957 kwa hiyo umbo ni halali sio la kuibia. Nyuzi ni fupi kidogo, inchi 24.75 dhidi ya 25.5 za Fender, kwa hiyo zinalegea vizuri ukizivuta kwenye solo. Ubaya wake ni uzito, ukisimama masaa mawili bega linakuuliza maswali, na kichwa kimelala nyuma kiasi kwamba likianguka na kifuko chake tu shingo inaweza kupasuka palepale chini ya kichwa. Likiwa la mtumba, hapo ndo pa kukagua kwanza: ligeuze, pitisha kucha polepole nyuma ya kichwa, ukihisi kamstari hata kama kimepakwa rangi vizuri, rudisha.

SG, umbo jingine la Gibson, ni namba tatu, ni jepesi na unafika freti za juu (vile vyuma vya shingoni) bila kuhangaika, waulize mashabiki wa Angus Young wa AC/DC, ila ukiliachia shingo inainama yenyewe, nunua mkanda mpana wa ngozi. Stratocaster ya koili moja tatu ni namba nne, na sio kwamba ni baya, Jimi Hendrix na David Gilmour wa Pink Floyd hao hapo, ila kwa anayeanza roki nzito ule mvumo utamkera. Squier, jina la bei nafuu la Fender, inatosha kabisa. Telecaster ni tamu, ila tungekuwa tunaongelea kantri ningelipandisha.

La mwisho kabisa ni gitaa la bei ya chini lenye brija ya Floyd Rose, ile inayocheza na kubana nyuzi kwa vifungo. Kubadili uzi mmoja unafungua vifungo, ukikaza huu zile tano zinalegea, unarudi unaenda, jioni imeisha hujapiga hata rifu moja.

Ukilishika gitaa lolote usikimbilie kulipiga. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo, ncha za freti zikikukwaruza kuna kazi ya fundi hapo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, angalia katikati: kanafasi kembamba kama karatasi ni sawa, ukiona nafasi kubwa shingo imepinda. Inarekebishika, ila hiyo ni hoja yako ya kupunguziwa bei.

Pedali

Ya kwanza ni tyuna, ya kukaza nyuzi zilingane, na najua umekata tamaa kusikia hivyo. Ya pili ni ovadraivu, ya kukwaruza sauti kidogo, ya jamii ya Ibanez Tube Screamer, inakata besi kidogo na kupandisha sauti ya katikati, kwa hiyo solo inatokeza bendi ikiwa imewaka. Mbinu ya watu wa metali ni kuiweka draivu karibu na sifuri, voliumu juu, halafu ampu ndo ifanye kazi. Kama ampu yako ni safi tu chukua distoshani kamili, inayokwaruza zaidi, Boss DS-1, ile ya rangi ya chungwa iliyotoka 1978 na Kurt Cobain wa Nirvana akaitumia, au ProCo RAT. Kwenye RAT kuna kitufe cha filta kinachofanya kazi kinyumenyume, ukizungusha kulia sauti inafifia badala ya kuwa kali, mi nilidhani yangu imeharibika.

Dilei, ya mwangwi, ndo ya tatu, na iwekwe baada ya distoshani, ukiiweka kabla mwangwi wote unasagwa unakuwa uji. Wawa (sauti inayolia waa-waa) na fazi (mkwaruzo mzito) ni raha tupu lakini zinaweza kusubiri mwaka mzima. Na kama umenunua Katana hii sehemu yote iahirishe, isipokuwa tyuna, efekti zimo humo ndani.

Adapta usichukue ya simu wala ya redio ya zamani. Pedali nyingi zinataka volti 9 na ncha ya katikati iwe hasi, kuna kamchoro kadogo ka duara pembeni ya tundu, kasome kabla hujachomeka.