Uhakiki wa "The Deep" ya kundi la clipping: wimbo uliojengwa kwa mwendo

Katika hip hop iliyo nyingi, mwendo ni jambo linaloamuliwa mara moja na kuachwa hapo. Prodyuza huandika idadi ya mapigo kwa dakika kwenye kompyuta yake, hutengeneza biti ya vipimo (mafungu ya mapigo) vinne au vinane inayojirudia, na tangu hapo rapa na kila ala huishi ndani ya kasi hiyo moja hadi wimbo unapokwisha. Msikilizaji naye huridhika, kwa sababu kichwa chake kimekwisha kuanza kutikisika na hataki kusumbuliwa. "The Deep", wimbo uliotolewa Agosti 2017 na kundi la clipping kutoka Los Angeles, umeuvunja utaratibu huo. Nimeusikiliza kwa sikio la mtunzi anayetaka kujua kazi imejengwaje, na hukumu yangu ni kwamba kuvunjwa kwa utaratibu huo si pambo lililoongezwa juu ya wimbo; ndiko wimbo wenyewe.

Kundi lina watu watatu. Daveed Diggs ndiye rapa, na wengi walimfahamu kwa jukwaa la Broadway, ambako mwaka 2016 alipata tuzo ya Tony kwa kuigiza katika tamthilia ya muziki "Hamilton". William Hutson na Jonathan Snipes ndio watengenezaji wa sauti. Hutson ametoka katika ulimwengu wa muziki wa kelele, na Snipes ni mtunzi wa muziki wa filamu na tamthilia. Mchanganyiko huo unaeleza mengi kuhusu tabia ya kazi zao, ambazo mara nyingi huanza na sharti moja gumu na kulifuata hadi mwisho. Katika albamu yao ya mwaka 2014 kuna wimbo, "Get Up", ambao biti yake imesimama juu ya mlio wa saa ya kuamshia watu, na albamu yao ya mwaka 2019 inafungwa na piano inayoteketea kwa moto, kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa na mtunzi Annea Lockwood mwaka 1968. Kwa hiyo mtu anayeufikia "The Deep" akitafuta mdundo wa kuchezea atakuwa amegonga mlango usio wake, walau katika dakika za mwanzo.

Wimbo huu uliagizwa na kipindi cha redio cha Marekani, This American Life, na hadithi yake imerithiwa kutoka kwa Drexciya, kundi la muziki wa elektroniki la Detroit lililoundwa na James Stinson na Gerald Donald. Kwenye maandishi yaliyoambatana na mkusanyiko wao wa mwaka 1997, "The Quest", walisimulia juu ya watoto wa wanawake wa Kiafrika waliokuwa wajawazito na kutupwa baharini kutoka meli za watumwa zilizovuka Atlantiki. Watoto hao walizaliwa chini ya maji, wakaendelea kupumua maji kama walivyofanya tumboni mwa mama zao, wakawa taifa. Taifa hilo ni la kubuni, lakini kutupwa kwa watu baharini si kwa kubuni. Mwaka 1781 mabaharia wa meli ya Kiingereza iitwayo Zong waliwatosa Waafrika zaidi ya 130 wakiwa hai, kisha wenye meli wakadai fidia ya bima kana kwamba wamepoteza mizigo. clipping wanaichukua hadithi hiyo na kuisogeza hadi zama zetu: wakazi wa nchi kavu wanatafuta mafuta kwa kufyatua mizinga ya sauti kuelekea sakafu ya bahari, miji ya wale watu wa majini inabomoka, nao wanaamua kupanda juu na kupigana.

Hapo ndipo kazi ya mtunzi inapoanza, kwa maana hadithi hii ina mwelekeo mmoja tu, nao ni kutoka chini kwenda juu. Mtunzi mwingine angeutafsiri mwelekeo huo kwa njia ya kawaida, yaani melodia inayopanda noti hadi noti, au nyuzi za violini zinazoingia moja baada ya nyingine hadi ukumbi ukajaa. clipping wameutafsiri kwa mwendo. Wimbo unaanza polepole kiasi kwamba sikio linapata shida kuliunganisha pigo moja na lile linalofuata, na kadiri beti zinavyosonga, kila hatua ya safari inaingia kwa kasi kubwa kuliko iliyotangulia, mpaka sehemu ya mwisho inapokuwa mbio kamili zinazokaribia tekno, muziki wa elektroniki wa kuchezea, wa Detroit ambako hadithi yenyewe ilizaliwa, yaani ile tekno ya Drexciya na majirani zao. Kina cha bahari kimegeuzwa kuwa muda kati ya pigo na pigo: unapokuwa chini kabisa, muda huo ni mrefu, unapokaribia uso wa maji, unafinyika.

Kupandisha mwendo si jambo geni, na watu wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa nguvu yake, kwa kuwa yeyote aliyewahi kuisikia zikri ikianza kwa utulivu na kupanda hadi pumzi za wasomaji zenyewe zinakuwa mapigo anajua mwili unavyovutwa hata kabla akili haijakubali. Lakini katika zikri kasi hupanda kwa makubaliano ya watu wanaosikilizana, kidogo kidogo, bila mtu kuweza kuonyesha ni wapi hasa mwendo ulibadilika. Katika "The Deep" unahisi mabadiliko yamepangwa na mkono usio na huruma. Jambo hilo lingeweza kuufanya wimbo kuwa baridi, lakini hapa linauongezea tishio, kwa sababu wanaopanda ni jeshi, na jeshi hupanda kwa amri.

Kuna namna mbili za kumfanya msikilizaji ahisi kasi, na ni vema zitenganishwe. Mtunzi Arthur Honegger, katika kazi yake ya okestra "Pacific 231" ya mwaka 1923, alitaka kuonyesha garimoshi likichukua kasi, naye akafanya jambo la ajabu: alizifupisha noti hatua kwa hatua, huku mwendo wenyewe wa okestra ukipungua. Msikilizaji anasikia mbio. Mwongozaji anapiga mikono polepole zaidi. Diggs angeweza kutumia hila hiyohiyo, maana ana ulimi mwepesi mno, na katika mwendo wa polepole angeweza kujaza silabi nyingi katika kila pigo na kutuaminisha kwamba wimbo unakimbia. Kwa busara kubwa anajizuia. Mwanzoni anasema karibu kwa kunong'ona, akiacha nafasi pana kati ya maneno, na silabi zinaongezeka pale tu mwendo wenyewe unaporuhusu. Mshairi aliyezoea kuhesabu mizani ataelewa ugumu wa jambo hili: kila mwendo unapobadilika, kipimo cha mstari ulichokwisha kukizoea kinakuwa hakifai tena, nawe unalazimika kutunga upya uhusiano wa neno na pigo. Diggs anaufanya uhusiano huo upya mara kadhaa ndani ya dakika tano na ushei, na hakuna mahali ambapo unahisi maneno yameburutwa ili yatoshe.

Kinachomsaidia asipotee, na kinachotusaidia sisi pia, ni kibwagizo. Ni maneno machache mno ya kuwaambia wasikilizaji wa ndani ya hadithi wakumbuke, na yanarudi na kurudi katika kila kasi. Kwa mtazamo wa muundo, hicho ndicho kipimo cha wimbo. Bila kitu kisichobadilika, sikio lisingeweza kupima kilichobadilika. Lakini tunapolisikia agizo lilelile likisemwa kwa utulivu wa mzee mwanzoni, na baadaye likitoka kama kauli ya kamanda, tunajua tumepanda kiasi gani. Diggs ana mazoea katika kundi hili ya kutotumia nafsi ya kwanza umoja. Hajisemi, hajisifu, hasimulii maisha yake, jambo ambalo katika hip hop ni sawa na kujinyima nusu ya lugha. Katika nyimbo zao nyingine mazoea hayo huwa kama zoezi la nidhamu, lakini hapa yamepata sababu, kwa kuwa msemaji ni kumbukumbu ya kabila zima, na kumbukumbu ya namna hiyo haina "mimi".

Sasa nije kwenye rangi ya sauti, ambako naona Hutson na Snipes wamefanya kazi ya kupigiwa mfano. Sauti husafiri kwa kiasi cha meta 1,500 kwa sekunde katika maji ya bahari, wakati hewani haizidi sana meta 340. Kwa sababu hiyo, masikio yetu mawili chini ya maji hupokea sauti karibu kwa wakati mmoja, na ubongo unashindwa kujua imetoka upande gani. Tena sauti nyembamba humezwa na maji upesi kuliko nzito, hivyo kinachofika kutoka mbali ni rindimo. Mwanzo wa wimbo umefuata mantiki hiyo kwa uaminifu: kuna besi nzito, mapigo yaliyotengana, na giza ambalo halina kulia wala kushoto. Kadiri safari inavyopanda, sauti kali na nyembamba zinaruhusiwa kuingia, mdundo unapata ncha, na mwishoni kelele ambayo kundi hili linaipenda inafunguliwa. Hivyo mwendo na rangi vinapanda pamoja, na hata msikilizaji asiyefahamu neno lolote la Kiingereza ataelewa kwamba kitu kikubwa kimetoka chini na sasa kipo usawa wa macho yake. Kwangu hicho ndicho kipimo cha juu kabisa cha muziki wa kusimulia.

Kilichokosekana ni harmonia. Hakuna mfuatano wa kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) unaostahili kuandikwa, wala melodia ambayo mtu ataipiga mluzi akienda zake. Wanafunzi wa utunzi hupenda kuliita jambo hili upungufu, nami sikubaliani nao. Mfuatano wa kodi huahidi kurudi nyumbani. Ukishaweka ufunguo mkuu, msikilizaji anaanza kuungoja. Watu wa hadithi hii hawarudi popote, na nyumba waliyokuwa nayo inabomolewa wakiwa ndani yake. Kuweka kodi za kufariji hapo kungekuwa uongo. Hata hivyo naamini palikuwa na nafasi ya noti moja ndefu, ya chini, ambayo ingedumu tangu mwanzo hadi mwisho ikibadilika rangi tu, ili mwendo uwe na kitu cha kusuguana nacho. Jinsi ilivyo, sehemu ya katikati, ambako kasi si ndogo tena na haijawa kubwa, inaegemea mno juu ya sauti ya Diggs peke yake, na hapo ndipo mvutano unapolegea kidogo.

Lawama yangu kubwa zaidi ni juu ya utangulizi unaosemwa kabla ya ubeti wa kwanza. Katika sentensi chache tunaambiwa mama walikuwa nani, watoto walizaliwaje, nani aliwachokoza na nini kitafuata. Naelewa kwamba msikilizaji wa redio, aliye jikoni au garini, hawezi kuachwa gizani, lakini muziki huu una uwezo wa kumwongoza mtu gizani bila kumpotosha, na kumweleza yote mapema ni kumnyang'anya furaha ya kugundua. Ningeyahifadhi yale maneno ya kuhusu mama tu, na mengine ningeyaachia beti.

Jambo la vitendo kwa anayetaka kuusikiliza: usitumie spika ya simu. Spika hizo ndogo hutoa kwa udhaifu mkubwa sauti nzito, zilizo chini ya hezi 200 hivi, na theluthi ya kwanza ya wimbo huu huishi huko chini. Kwa simu utasikia mtu akinong'ona juu ya ukimya na utadhani faili limeharibika. Hedifoni zinazofunika masikio, au spika zenye besi ya kweli katika chumba tulivu, zitakupa wimbo mwingine kabisa. Usiongeze sauti mwanzoni kwa kuwa unaona iko chini. Iache hivyo hivyo, kwa sababu mwisho utakufikia kwa nguvu yake yote.

Kazi hii ilipata maisha marefu kuliko ilivyo kawaida ya wimbo wa redio. Mwaka 2018 iliteuliwa kuwania tuzo ya Hugo, ambayo ni ya fasihi ya kubuni ya kisayansi, na mwaka 2019 mwandishi Rivers Solomon aliifanya riwaya fupi yenye jina hilohilo, ambayo mhusika wake mkuu anaitwa Yetu na amebebeshwa kumbukumbu zote za watu wake. Ninaiheshimu riwaya hiyo, ila nachelea watu wengi wanaufikia wimbo kupitia kitabu na kuusikiliza kama muhtasari wake, ilhali kinachosemwa na mwendo wa wimbo hakimo katika maandishi yoyote, kwa kuwa msomaji hujichagulia kasi yake mwenyewe na msikilizaji hana hiari hiyo.

Kwa watunzi wenzangu, hasa vijana wanaotengeneza biti nyumbani, ninaupendekeza kwa moyo wote, na ningewaomba wausikilize mara ya kwanza wakiwa wameshika penseli, wakigonga meza kwa kila pigo na kuandika muda wa kila mahali ambapo mkono wao unalazimika kubadilika. Baadaye waweke kando yake "Story 2" ya kundi hilohilo, kutoka albamu ya mwaka 2014, ambako kinachokua ni mita: wimbo unaanza kwa mapigo matatu katika kila kipimo, na kadiri hofu ya hadithi inavyoongezeka ndivyo kipimo kinavyoongezewa pigo. Hapo msikilizaji anahesabu zaidi kuliko anavyohisi. "The Deep" nauweka juu yake kwa sababu hauhitaji kuhesabiwa ili ufanye kazi yake mwilini.