Leja ya mkono na programu ya uhasibu: tathmini ya mtumiaji

Kwa miaka mingi nilitunza hesabu za biashara kwa daftari la fedha, jarida (kitabu cha kuorodhesha miamala kwa tarehe) na leja (kitabu cha akaunti), na kwa miaka mitatu sasa kazi hiyohiyo naifanya kwa programu ya uhasibu. Natathmini mifumo yote miwili pamoja kwa sababu msingi wake ni mmoja: kanuni ya kuingiza kila muamala pande mbili, debiti na krediti, ambayo Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, aliieleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, ndiyo inayofanya kazi ndani ya programu, ingawa mtumiaji haioni.

Tofauti niliiona kwanza mwisho wa mwezi. Kwa mkono, uuzaji mmoja wa mkopo huandikwa katika jarida la mauzo, huhamishiwa kwenye akaunti ya mdaiwa, kisha jumla hupelekwa kwenye akaunti ya mauzo, na kila hatua ina nafasi yake ya kukosea. Nakumbuka urari, yaani orodha ya salio zote ambamo jumla ya debiti na ya krediti lazima ziwe sawa, uliokataa kulingana kwa tofauti ya 180. Kwa kuwa namba hiyo hugawanyika kwa 9 bila baki, nilishuku kwamba tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, nikapitia leja ukurasa kwa ukurasa nikiwa na rula na kalamu nyekundu, na usiku wa pili nikakuta 8,640 imehamishwa kama 8,460. Programu imeniondolea adha hiyo, maana kiasi naingiza mara moja tu, nayo hukifikisha kila kinapostahili.

Faida ninayoithamini zaidi, hata hivyo, ni orodha ya wadaiwa kwa umri wa deni: siku 30, 60 na 90. Kwenye leja ilibidi kufungua akaunti mojamoja, kwa hiyo tuliifanya kazi hiyo mara moja kwa robo mwaka, na kufikia hapo baadhi ya madeni yalikuwa yamekwisha kuwa sugu. Sasa naitazama orodha kila Jumatatu na wateja wanakumbushwa mapema. Fedha inarudi haraka zaidi, na mzigo mpya unanunuliwa bila kukopa.

Programu haikosoi fikra za mtumiaji. Mashine mpya ikiingizwa kama gharama ya matengenezo, urari utalingana vizuri kabisa, na faida ya mwaka itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Vilevile, ukiandika herufi za mwanzo za jina la mteja, orodha hufunguka, na ni rahisi kuchagua jina la jirani yake. Kwa njia hiyo tulimdai mteja aliyekwisha kulipa, nikalazimika kumwomba radhi.

Kasoro iliyonisumbua zaidi ni ufutaji. Katika leja, kosa hukatwa kwa mstari mmoja, maandishi ya awali yakabaki yanasomeka, na mwandishi akatia saini pembeni. Programu ya kwanza niliyoinunua iliruhusu mtumiaji yeyote kufuta muamala wa mwezi uliokwisha kufungwa bila kuacha alama yoyote, jambo nililoligundua siku salio la mwezi uliopita lilipobadilika. Niliiacha kwa sababu hiyo pekee. Ninayoitumia sasa hufunga mwezi, hudai kosa lirekebishwe kwa ingizo la kulitangua, na huonyesha nani aliingiza nini na lini, mradi kila mfanyakazi awe na nywila yake. Nakala rudufu ni lazima, tena ihifadhiwe mbali na kompyuta yenyewe.

Biashara yenye miamala michache ya taslimu kwa siku inatosheka na daftari lililotunzwa vizuri, na sioni sababu ya mwenye biashara hiyo kununua programu kwa kuwa tu wengine wanayo. Wateja wa mkopo wakiwa wengi, au ghala likiwa na bidhaa za aina nyingi, leja itamchelewesha. Anayehama aendeshe mifumo yote miwili sambamba kwa muda. Sisi tulifanya hivyo miezi miwili: mwezi wa kwanza tulikuta tofauti tatu, zote zikitokana na salio za mwanzo zilizonakiliwa vibaya kutoka kwenye leja, mwezi wa pili hesabu zililingana hadi senti, ndipo tukaifunga leja.