Kitalu kilichoniuzia ndago kwa bei ya ukoka

Kama una mpango wa kupanda ukoka mbele ya nyumba masika yajayo, na uko Tanga hapahapa, nisome kwanza. Jina la kitalu silitaji, mji wetu mdogo na tunajuana. Ila yaliyonifika nitayasema, maana mpaka leo yananikereketa.

Sie tunakaa Sahare, upepo wa bahari unatupiga moja kwa moja. Uwanja wa mbele ulikuwa mchanga mtupu. Kiangazi vumbi linaingia mpaka chumbani, masika maji yanateremka kutoka juu na kula udongo chini ya baraza, hata mawe ya msingi yakaanza kutokeza. Kwa hiyo sikuwa natafuta bustani ya kupigia picha. Nilitaka kitu cha kushika ardhi. Chini ya mwembe nilitaka ukoka wa Pemba, ule wa jani pana, kwa sababu unavumilia chumvi na kivuli ambacho ukoka mwingine ukikaa unanyong'onyea. Kwenye mteremko wa upande wa jikoni nikataka karanga ya kutambaa, ile ya maua ya njano isiyozaa karanga za kula. Yote hayo nilimweleza mwenye kitalu, akaitikia, akapokea hela.

Ukoka ukaja na kirikuu, umejaa kwenye viroba pamoja na udongo wake mweusi. Tukapanda, mvua zikashika. Mwanzoni nilifurahi. Halafu katikati ya ukoka nikaanza kuona majani mengine, yamesimama wima, yanang'aa, yanakua mbio kuliko mwenyeji wake. Unayakata leo, keshokutwa yameshanyanyuka tena. Nikang'oa moja nikalisokota shina kati ya vidole: lina kingo tatu. Mtu yeyote aliyelelewa na watu wa shamba akishika shina la pembe tatu hahitaji kuambiwa ni gugu gani. Ndago.

Nikachukua kisu nikafukua taratibu. Chini kuna kitunguu cheusi, hakizidi harage, kina uzi mwembamba unaokwenda kwa kitunguu kingine, na hicho kina uzi wake kwenda kwa kingine. Ukivuta jani, uzi unakatika na kitunguu kinabaki chini kikacheka. Vingi viko ndani ya sentimita 15 za juu, lakini vingine vinazama zaidi ya hapo. Ukipiga jembe ndo umevigawa, kila kimoja kinaota peke yake. Hata ukitandika nailoni juu, ncha ya ndago inaitoboa.

Na ushahidi upo wazi. Ndago zimeishia palepale ulipoishia udongo wa viroba. Upande wa jikoni, ambako hakukumwagwa hata kiganja cha udongo ule, hakuna ndago mpaka leo.

Nikazifunga kwenye gazeti, na vitunguu vyake, nikarudi kitaluni. Mwenye kitalu, kijana wa kumzaa mwenyewe, amekaa kwenye kiti chini ya kibanda, simu mkononi. Shikamoo hakuna. Nikafungua gazeti mezani pake, nikamwambia, "Baba, tazama mlichoniletea." Akatupa jicho mara moja, akarudi kwenye simu. "Mama, majani ni majani. Si ya kijani hayo? Nenda kanyeshee."

Wateja wengine wamesimama, wananitazama. Nikamwambia ndago si ukoka, na uwanja wangu haukuwa nazo. Akasema, bila kuinua uso, "Basi zilikuwa kwako, sie hapa hatuna." Wakati huo, karibu na kandambili zake, kati ya viriba vya miche, ndago zimesimama na maua yake ya hudhurungi juu. Nikamnyooshea kidole. Akajibu, "Hizo za njiani."

Za njiani! Yaani mtu kwenye kitalu chake cha miche ndago zimechanua, anachota udongo uleule anapakia kwenye kirikuu, halafu mimi ndo niliyezaa ndago. Na kama majani ni majani, mbona ukoka wa Pemba ananitajia bei yake na ule mwingine bei yake? Ikifika saa ya kupokea hela anazijua tofauti zote. Mtu anayekula kwa majani, anayesomesha watoto kwa majani, anasema majani ni majani mbele ya wateja wake. Nimekutana na wauzaji wajeuri maisha yangu yote, pale sokoni Ngamiani nimejibiwa mengi, lakini hili limenikaa kooni.

Sasa haki itendeke, maana karanga nazo zilitoka palepale. Kuna kijana mmoja anamwagilia miche, mtulivu, ana adabu zake. Bosi wake alishaanza kunipakilia wedelia badala ya karanga, eti zote zina maua ya njano na hii inaenea haraka. Yule kijana akanisogelea kando: "Mama, hiyo usichukue, itakula mpaka mchicha wako." Akanionyesha. Karanga jani lake lina vijani vinne, viwili viwili, na ua lake umbo la ua la kunde. Wedelia jani lina meno matatu, linakwaruza, na ua limekaa kama alizeti ndogo. Kila pingili ya wedelia ikigusa udongo inatoa mizizi. Baadaye nilikuja kusoma kwamba imo kwenye orodha ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Na inauzwa kwa kiriba hapa mjini, watu wanaipanda barazani!

Karanga zile, niseme ukweli wa Mungu, ni nzuri mno. Kijana alinielekeza nipasue kiriba bila kuvunja bonge la udongo, nipande kwa kupishanisha ili maji yasipate njia iliyonyooka, na ninyeshee mpaka zishike. Zimeshika. Mchanga wetu hauna rutuba, lakini karanga hii inajipatia naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini, kwa hiyo hainilii mbolea. Jioni vijani vinajikunja, asubuhi vinafunguka. Masika yaliyopita maji yalishuka jikoni yakiwa meupe, hayakubeba udongo, na mawe ya msingi upande ule siyaoni tena. Nikikaa kule nyuma jioni nasema kitalu hiki nitawaelekeza watu wote wa Sahare waende.

Halafu napita chini ya mwembe, na maneno yote nayarudisha.

Maana ndago haina dawa ya kupulizia ikaisha. Glifosati, dawa ya kuua magugu inayoidhoofisha, inaua na ukoka pia. Kilichobaki ni kungoja kiangazi, Januari na Februari, tufukue upande wote wa mbele, tuvianike vitunguu juani vikauke kabisa, maana vikikauka vinakufa. Ukoka nilioulipia unakwenda na maji. Na sikumfuata yule bwana kudai hela. Angeniambia tu, "Pole mama, tutakuja kuangalia," ningerudi nyumbani na moyo mweupe, na hapa nisingeandika neno.

Basi ukienda popote kununua ukoka, usikubali kuonyeshwa majani kwa juu. Chukua kipande, kipukute udongo wote mbele ya mwenyewe, tafuta vile vitunguu. Tazama na njia zake, kati ya viriba kuna nini. Akikasirika, ondoka.

Mimi karanga bado nazihitaji, upande wa kisimani kumebaki wazi, na pengine nitazifuata hukohuko siku yule kijana yupo. Ukoka wake, hata anipe bure, kirikuu hakiingii getini kwangu.