Darasa la uandishi la Jumamosi: nimeridhika, ila si kwa yote

Jamani mie nilikua na mswada umelala kwa simu miaka 3, hadithi ya dada anaevuka feri Likoni hapa Mombasa kila asubuhi, na kila nikitaka kumuonesha mtu naona haya. Sasa nikaingia hili darasa la wiki 6, chumba kimoja juu ya duka huko Mji wa Kale, feni moja tu na joto letu mwalijua.

Kilichonifaa zaidi ni kusomeana kwa sauti. Siku ya kwanza mikono yatetemeka, nasoma hivo hivo, mwalimu akanisimamisha sentensi ya pili akaniuliza "huyu dada nyumbani azungumza hivi?" nikanyamaza, maanake kweli nilikua nimemtia Kiswahili cha mtihani mdomoni. Kurasa 4 za mwanzo nimezikata zote, zilikua ni kusifu bahari tu na bahari hapa nani haijui.

Pia tumeelezwa ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, yachukuliwa KNLS, yaani maktaba ya taifa ya Kenya, na kuna tuzo ya uandishi ya Safal-Cornell, ilianza 2014, hupokea hata miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa.

Lakini mambo ya mikataba na wachapishaji tulipitishwa mbio mbio dakika 20 hivi, na hapo ndo waandishi wengi wanaliwa. Na shilingi 6,000 zote hizo, kisha chai ujinunulie?

Nyota 4. Mswada nishampa binamu yangu asome, mpaka leo kimya.