Hita ya dizeli ya kebini: majira mawili ya baridi bila kuwasha injini

Usiku ulionifanya niinunue hita hii nilikuwa nje ya ghala moja karibu na Syracuse, jimbo la New York, nikingoja saa kumi na mbili asubuhi nipakuliwe mzigo. Dashibodi ilisoma nyuzi 29 za Farenhaiti, kama mbili chini ya sifuri kwa hesabu ya nyumbani. Jimbo lile linakataza lori kubwa kuunguruma limesimama zaidi ya dakika 5. Iko ruhusa kwa lori la dizeli litakalosimama zaidi ya saa mbili, lakini mpaka baridi ishuke chini ya nyuzi 25. Nyuzi nne tu zilininyima ruhusa. Na hata ningetaka kuvunja sheria nisingeweza, kwa sababu tajiri, mwenye lori, alikuwa ameiseti injini ijizime yenyewe kila ikifika dakika ya 5. Nililala na koti, soksi jozi tatu na blanketi mbili, na saa tisa usiku nikaamka sisikii vidole vya miguu.

Miaka sita niliyoendesha Mombasa hadi Malaba sikuwahi kufikiria kupasha kebini joto. Pale Salgaa, kituo cha malori njiani, baridi ikikubana unajifunika leso, asubuhi jua linamaliza kazi. Ndiyo maana wengi wetu tukianza udereva huku Marekani hatuulizi kabisa kama lori lina hita ya kulalia. Tunauliza malipo kwa maili, tunauliza siku za kurudi nyumbani, basi.

Kifaa chenyewe ni kidogo, unakibeba kwa mkono mmoja. Kinafungwa chini ya kitanda cha nyuma. Pampu inavuta dizeli kwenye tangi la lori, plagi inaiwasha ndani ya chumba cha chuma kilichofungwa, na feni inapitisha hewa ya kebini juu ya chuma hicho cha moto. Hewa ya kuchomea inavutwa kutoka nje, na moshi unarudi nje kwa bomba linalopita sakafuni. Moto na wewe hamgawani hewa, na hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote. Namjua kijana aliyekuwa akiwasha jiko la gesi la kupikia ndani ya kebini ili apate joto, madirisha yote amefunga. Nilimsihi kama ndugu aache. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki kuikimbia.

Hita za namna hii zilizozoeleka kwenye malori ni za Webasto na Eberspächer, zote za Ujerumani, na siku hizi ziko nyingi za Kichina kwa bei ya chini sana. Ninayosema hapa yanahusu kifaa cha aina hii kwa jumla, kwa hiyo jina la niliyonunua silitaji. Nililipa dola 1,350 pamoja na ufundi. Tajiri alikataa mwanzoni. Nikamwandikia hesabu kwenye karatasi: injini ikiunguruma usiku inakula karibu lita tatu za dizeli kwa saa, na sheria inanitaka nipumzike saa 10 mfululizo kabla ya kuendesha tena. Hizo ni lita 30 kwa usiku mmoja. Hita inakula kati ya desilita moja na karibu tatu kwa saa, kwa hiyo usiku mzima haifiki hata lita tatu. Aliitazama karatasi, akanirudishia nusu ya pesa.

Joto lake ni zuri kuliko nilivyotarajia. Ndani ya robo saa kebini inakuwa kama sebule. Usiku wa baridi kali kuliko zote nilizolala nayo ulikuwa Minnesota, nyuzi 11 chini ya sifuri za Farenhaiti, na nililala na fulana moja. Nilisikia upepo ukitikisa trela na nikamshukuru Mungu.

Sasa shida zake, maana zipo.

Fundi wa kwanza alinifungia vibaya. Bomba la moshi aliliacha likielekea mbele, pale pale hewa inapoingilia kebini. Usiku wa pili nilisikia harufu ya dizeli iliyoungua, na kengele ya kaboni monoksidi niliyoibandika karibu na mto ikalia. Nilizima, nikafungua milango yote miwili, nikakaa nje kwenye theluji mpaka moyo ukatulia. Kengele ile nilinunua kwa dola 25, na bila hiyo sijui kama leo ningekuwa naandika. Fundi wa pili alilikata bomba, akalielekeza nyuma na chini, mbali na kebini, na tangu siku hiyo kengele haijalia. Tafadhali, usikubali kuondoka gereji kabla hujainama mwenyewe ukaona bomba limeelekea wapi. Na usilale bila kengele.

Pampu inagonga, tik tik tik, usiku kucha. Ukiwa na usingizi mwepesi utasumbuka wiki ya kwanza. Waombe waifunge kwa mpira badala ya kuibana moja kwa moja kwenye chuma.

Pia haipendi kuchomwa kwa moto mdogo kila siku, maana masizi yanajaa ndani na siku moja itakataa kuwaka. Mimi kila Jumapili naiwasha kwa nguvu zote nusu saa, milango wazi. Ukiizima, usikate umeme wa lori papo hapo. Iache feni izunguke dakika chache mpaka chuma kipoe.

Kumbuka vilevile kwamba inakupasha wewe, haipashi injini. Betri iliyozeeka itakuaibisha asubuhi hata kama ulilala vizuri. Na dizeli uliyojaza Georgia, jimbo la kusini kwenye joto, ukaenda nayo kaskazini inaweza kuganda kama samli, hapo hita nayo inakosa mafuta pamoja na injini. Weka dawa ya kuzuia kuganda kabla hujaingia kwenye baridi. Mafuta yakishaganda umechelewa.

Kiangazi ndipo hita inapokosa la kukusaidia. Julai iliyopita nililala Needles, upande wa jangwa la California, jua limezama na bado ni nyuzi 104. California nayo ni dakika 5, na tangu mwaka 2008 hata aliyelala kitandani nyuma ya lori hasamehewi. Faini inaanzia dola 300. Kinachokuokoa ni injini iliyothibitishwa kuwa na moshi safi, yenye kibandiko chake ubavuni mwa lori, na hata hiyo hairuhusiwi kuunguruma ndani ya futi 100 kutoka nyumba za watu au shule. Lori langu halina kibandiko. Nililala na feni mbili za volti 12, pazia la fedha kwenye kioo na taulo lililoloweshwa, na sikupata usingizi wa maana. Kesho yake niliendesha kwa muda wa saa 9 nikiwa nimechoka, na hilo linanihuzunisha, kwa sababu barabara ile nilikuwa nagawana na familia za watu.

Sipingi sheria hizi. Nimeegesha mitaa ambayo watoto wanalala mita chache kutoka kwenye ekzosi yangu. Lakini anayeandika dakika 5 aandike pia nani analipia joto na ubaridi wa anayelala ndani. Kiyoyozi cha betri kinachofanya kazi injini ikiwa imezimwa kinauzwa mara kadhaa ya bei ya hita, na betri zake ni nzito. Sheria ya shirikisho inaruhusu mpaka ratili 550 za ziada kwenye mizani kwa ajili ya vifaa kama hivi, kwa hiyo uzito si kisingizio cha tajiri kukataa.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopungua ni ya ule ugumu wa kupata fundi anayejua kazi. Mwezi wa kumi nampeleka jirani yangu, mzee wa Uvira aliyepata leseni mwaka huu, kwa yule fundi wa pili. Kengele yake nimeshamnunulia.